Ndama wa Chupa: Malezi Kuanzia Dang'a Hadi Kuachishwa Maziwa

Ndama wa chupa ni ndama aliyetengwa na mama yake mapema, mara nyingi siku ileile aliyozaliwa, akawa ananyweshwa maziwa kwa mkono wa mtu. Chombo chaweza kuwa chupa yenye chuchu ya mpira au ndoo. Jina la chupa limebaki kwa kuwa ndiyo wengi wao huanza nayo. Katika Afrika Mashariki ndama huyu alikuja na ng'ombe wa maziwa wa Kizungu. Friesian, Ayrshire au Jersey huteremsha maziwa kiwele kikioshwa kwa maji ya vuguvugu, ndama awepo asiwepo. Zebu, ng'ombe wa asili, hakubali hivyo. Asipomsikia ndama wake ubavuni huzuia maziwa, na ndama akifa kiwele huweza kukauka mapema. Kwa sababu hiyo wafugaji wa asili humtanguliza ndama anyonye, kisha hukamua, kisha humwachia amalizie. Chotara huwa kati ya hao wawili. Mwenye chotara anayezuia maziwa hana sababu ya kulazimisha chupa. Kumwachia ndama chuchu moja, au maziwa ya mwisho baada ya kukamua, humletea tija kubwa zaidi.

Kwenye mazizi mengine chupa huingia kwa dharura: mama amekufa kwa uzazi, amemkataa mwanawe, anaumwa kiwele, au amezaa pacha. Kuhusu pacha lipo jambo linalowapotezea wafugaji maziwa mengi bila wao kujua. Jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa katika visa takriban 9 kati ya 10, kwa sababu damu ya wawili hao ilichanganyika tumboni. Analeleka na hunenepa, lakini anayemlea kwa matumaini ya kumkamua hulea nyama.

Pale ambapo familia zimepata ng'ombe kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, unaojulikana sana Tanzania, malezi ya ndama ni deni hasa. Familia hupewa mtamba mwenye mimba, na hulipa kwa kumtoa jike wa kwanza kwa jirani anayefuata. Ndama jike akifa, foleni nzima ya majirani inasimama.

Ndama hazaliwi akiwa mcheuaji. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kwa ng'ombe mzima chumba cha kwanza, rumeni, huchukua karibu asilimia 80 ya nafasi yote. Kwa ndama mchanga mambo yamepinduka: chumba cha nne, yaani tumbo halisi lenye tindikali, ndicho kikubwa, na rumeni ni kifuko kilicholegea kisicho na kazi. Anaponyonya, misuli hujikunja ikafanya mfereji unaopitisha maziwa kutoka kooni moja kwa moja hadi chumba cha nne. Humo maziwa huganda kwa dakika chache na kumeng'enywa polepole kwa saa nyingi. Mfereji huo huundwa na kitendo cha kunyonya, ladha ya maziwa, na hata mazoea ya kumwona mlishaji akija na chupa. Ndama aliyebanwa na kumiminiwa maziwa mdomoni huku akihangaika huweza kuyapeleka kwenye rumeni, ambako huchacha na kuoza. Mambo mengi yanayosemwa kuhusu chupa, kuanzia joto la maziwa hadi utulivu wa mlishaji, chanzo chake ni mfereji huo.

Kabla ya maziwa ipo dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo ndama huja duniani bila kinga yoyote ya maana dhidi ya vijidudu vya zizi analozaliwa. Kinga hiyo imo kwenye dang'a, na utumbo wake hukubali kuipitisha nzima kwenye damu kwa muda mfupi tu. Upenyo huo ni mpana katika saa 6 za kwanza, hupungua kila saa inayopita, na baada ya saa 24 umefungwa. Dang'a ya siku ya pili bado ni chakula bora na bado hulinda utumbo kwa ndani, lakini haiingii tena kwenye damu. Ndama aliyezaliwa usiku wa manane akasubiri mkamuaji wa asubuhi amekwisha poteza sehemu ya kinga yake, na hakuna sindano itakayomrudishia yote.

Kipimo cha kwanza ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake ndani ya saa hizo 6. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 hupata lita 4, wa Jersey mwenye kilo 25 hupata lita 2 na nusu. Asipomaliza kwa mara moja hupumzishwa, akarudiwa baada ya muda mfupi. Kumwacha anyonye mwenyewe na kudhani ameshiba ni kubahatisha, hasa mama akiwa na kiwele kilichoning'inia hadi chuchu zikawa chini ya kimo cha mdomo wa ndama. Uzito na rangi ya manjano hudokeza ubora wa dang'a lakini havithibitishi; kipimo cha Brix, kile kinachotumiwa pia kupima utamu wa juisi ya matunda, kikisoma 22 au zaidi dang'a hiyo ni nzuri. Inayobaki hugandishwa kwenye friza na hudumu hadi mwaka, ikisubiri ndama atakayezaliwa yatima. Huyeyushwa ndani ya chombo kilichozamishwa kwenye maji ya moto wa wastani, yasiyozidi nyuzi 50. Ikiwekwa jikoni kwenye sufuria huganda kama yai, na kinga yake huharibika. Mfugaji anayesita kumpa ndama dang'a yote anayoihitaji akumbuke kwamba haina soko: vituo vya kukusanyia maziwa huikataa, maana huganda ikichemshwa.

Katika saa hizohizo kitovu huchovywa kwenye tinkcha ya ayodini ya asilimia 7, chote hadi kwenye shina, na kurudiwa baada ya saa kadhaa. Kitovu kibichi ni mlango wa vijidudu hadi kwenye ini na viungo. Ndama mwenye magoti yaliyovimba katika wiki ya pili mara nyingi aliugulia kitovuni.

Baada ya dang'a ya siku tatu au nne huanza maziwa ya kila siku. Ndama hunyweshwa akiwa amesimama, chupa ikiwa kwenye kimo cha kiwele, shingo imenyooka mbele na kichwa kimeinuka kidogo, kama ambavyo angekuwa chini ya mama yake. Akilazwa ubavu, au kichwa kikivutwa juu kama cha mtu anayegugumia soda, maziwa huingia kwenye mapafu, na homa ya mapafu ya namna hiyo ni ngumu kutibu. Tundu la chuchu lina kanuni nyepesi: chupa ikipinduliwa maziwa yadondoke, yasitiririke. Wengi hulipanua tundu kwa kisu ili kazi iishe haraka. Ndama hufurahi, hukohoa, kisha huugua. Kunyonya polepole huongeza mate na huufanya mfereji ujikunje vizuri; kwa ndama hakuna faida yoyote ya kumaliza mapema.

Maziwa yawe na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hadi 39. Penye kipima joto hupimwa, pasipo nacho hunyweshwa mara tu yanapotoka kiweleni. Maziwa ya baridi si sumu, lakini ndama mchanga hutumia nguvu zake kuyapasha badala ya kukua, na kwenye nyanda za baridi kama Njombe, Rungwe au Kinangop gharama hiyo huonekana kwenye uzito. Kibaya kuliko baridi yenyewe ni kubadilika: leo moto, kesho baridi, leo alfajiri, kesho saa nne. Tumbo la ndama hupenda saa zilezile na mkono uleule.

Ndoo hufundishwa kwa vidole viwili vilivyochovywa kwenye maziwa. Ndama huvinyonya, mkono hushushwa hadi kwenye ndoo, kisha vidole huondolewa polepole anapokuwa anakunywa. Baadhi huelewa kwa siku moja, wengine huchukua wiki. Ndoo huoshwa kwa urahisi kuliko chupa, na kwa nyumba yenye kazi nyingi hiyo ni sababu tosha ya kuhamia ndoo baada ya wiki ya kwanza. Ila hamu ya kunyonya haiishi na maziwa. Huendelea kwa kama dakika 10 hivi, na ndama wa ndoo huigeuzia masikio, vitovu na viwele vichanga vya wenzake. Jike aliyenyonywa hivyo utotoni huweza kukua na kiwele kilichoharibika. Hutengwa basi kwa dakika hizo, au hupewa konzi ya chakula kikavu papo hapo.

Kuhusu kiasi, vitabu vingi vya ufugaji vilivyosambazwa Kenya na Tanzania vimeshika kanuni ya sehemu moja ya kumi: ndama wa kilo 35 apate lita 3 na nusu kwa siku, asubuhi na jioni. Kanuni hiyo haikutungwa kwa kuuliza ndama anahitaji nini. Ilitungwa ili maziwa yabaki kwa mtu na ndama akimbilie majani mapema. Aliye na mama yake hunyonya mara nyingi kwa siku na huweza kufikisha lita 8 hadi 10 bila kuhara. Kiasi cha moja ya kumi humweka hai, na siku ya baridi au ya ugonjwa hakimtoshi hata kwa hilo. Penye uwezo, asilimia 15, yaani lita 5 hivi kwa ndama huyohuyo, ndicho kipimo cha kulelea mtamba, kikifikiwa kwa kuongezwa kidogo kidogo na kugawanywa mara mbili au, bora zaidi, tatu. Lita 5 kwa siku 70 ni lita 350. Hesabu hiyo huwatisha wengi, maana kila lita ya ndama ni lita isiyofika kituoni, na bei ikipanda chupa ya ndama ndiyo hupungua kwanza. Lakini ndama aliyepunjwa katika miezi miwili ya kwanza huchelewa kufikia uzito wa kupandishwa, naye hula majani ya bure miezi yote ya kumsubiri.

Maziwa yanapokosekana, kinachoingizwa badala yake ndicho huua. Uji wa mahindi wenye sukari ni dawa ya kila mnyonge nyumbani, na yatima wengi wa zizini wameonjeshwa. Ndama hana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya miwa, na katika wiki za mwanzo uwezo wake wa kumeng'enya wanga ni mdogo sana. Sukari hiyo hufika utumbo mpana ikiwa nzima, ikavuta maji na kumharisha. Sukari aliyoumbiwa ni ile ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe mwingine, au ya mbuzi, humfaa bila matatizo. Unga maalumu wa maziwa ya ndama nao hufaa, mradi protini yake itoke kwenye maziwa na si soya kwa wiki tatu za mwanzo, na mradi maelekezo ya mfuko yafuatwe. Kwa kawaida ni gramu 125 hivi kwa lita. Kuuongezea maji ili mfuko udumu ni kumlisha ndama maji.

Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa ugonjwa wa kiwele hayanunuliki, kwa hiyo hutupiwa ndama. Hayo hubeba vijidudu pamoja na mabaki ya antibiotiki, na ndama anayeyanywa hugeuka shamba la vijidudu sugu. Kuyachemsha, au kuyaweka kwenye nyuzi 63 kwa nusu saa, huua vijidudu vingi lakini hakuondoi dawa.

Chupa huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Maji ya moto yakitangulia hugandisha protini ya maziwa kwenye kuta, ukajengeka utando ambao sabuni haiung'oi. Yakishatoka mabaki ndipo hufuata maji ya moto, sabuni na brashi. Dodoki hufaa kwa ndoo, halifiki ndani ya chupa. Kisha chombo hupinduliwa kikauke juani. Chuchu iliyopasuka na ndoo ya plastiki iliyochakaa kwa mikwaruzo hutupwa, kwa kuwa ndani ya mikwaruzo hiyo brashi haipiti.

Kuhara ndiko huwamaliza ndama wa chupa wengi zaidi katika mwezi wa kwanza. Katika siku tatu hadi tano za mwanzo mshukiwa mkubwa ni bakteria wa E. koli, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu ni virusi vya rota na kimelea cha kriptosporidiamu, baadaye koksidia, wanaoacha damu kwenye kinyesi. Mfugaji hawezi kuwatofautisha kwa macho, na kwa saa za mwanzo halazimiki, kwa sababu kinachoua si kijidudu chenyewe bali maji na chumvi vinavyopotea na damu kugeuka tindikali. Ngozi ya shingo hufinywa na kuachiwa: isiporudi ndani ya sekunde 2 ndama amekauka. Macho yakizama, hali imekuwa mbaya. Akishindwa kusimama au kunyonya kidole, anahitaji dripu kutoka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Anayesimama na kunyonya hupewa maji yenye chumvi na glukosi, lita 2 kwa mara moja, kati ya mlo na mlo wa maziwa. Mchanganyiko wa nyumbani wa chumvi na sukari, uliookoa watoto wengi wa binadamu, haumfai, kwa sababu ileile ya sukari ya miwa. Desturi ya kumkatia maziwa anayehara imeenea na ni kosa: maziwa hayasababishi ugonjwa huo, na ndama aliyefungishwa siku mbili huweza kufa kwa njaa huku dawa ikisifiwa au kulaumiwa bure. Maji ya dawa yenye magadi hayachanganywi na maziwa, kwa sababu huyazuia kuganda tumboni. Na kwa kuwa mara nyingi ni watoto wa nyumba wanaopewa kazi ya kushika chupa, ifahamike kwamba kriptosporidiamu na salmonela huwapata watu pia. Sabuni iwekwe mlangoni pa banda.

Maji safi ya kunywa huwekwa tangu wiki ya kwanza. Wapo wanaodhani maziwa yanatosha, lakini maziwa hupita kwenye mfereji, na rumeni hubaki kavu. Maji ya ndoo huingia kwenye rumeni, ambako bakteria huyahitaji ili kazi ianze. Chakula kikavu chenye protini kama asilimia 18, cha mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti na madini, hutolewa kwa konzi moja kuanzia wiki hiyohiyo, kikibadilishwa kila siku hata kama hakikuguswa. Nafaka ikichacha kwenye rumeni hutoa asidi zinazokuza vinyweleo vya kuta zake, na vinyweleo hivyo ndivyo vitakavyofyonza chakula maisha yote. Nyasi kavu huupanua mfuko na kuukaza misuli, lakini hazikuzi vinyweleo kwa kiwango hicho. Majani ya tembo mabichi yamejaa maji. Ndama anayelishwa hayo peke yake hutokea na tumbo kubwa na mgongo mwembamba, akadhaniwa ameshiba. Mashudu ya pamba, yaliyo rahisi kupatikana kanda ya Ziwa, yana gosipoli, sumu ambayo rumeni ya ng'ombe mzima huidhibiti lakini ya ndama bado haiwezi. Urea nayo haimfai. Mahindi yenye kuvu, yaani yenye sumukuvu, hayafai kwa ndama kama yasivyofaa kwa mtu.

Banda lake liwe kavu, lenye hewa, bila upepo wa kumpiga moja kwa moja. Mita 1.5 kwa 1.2 humtosha mmoja, sakafu ya mbao ikiinuliwa kutoka ardhini ili mkojo upite, juu yake nyasi kavu. Anayekagua hupiga magoti: goti likilowa, matandiko yabadilishwe, pua ikiwashwa na harufu ya mkojo, hewa haitoshi na kikohozi kinakuja.

Kufungiwa bandani humpunguzia kupe, lakini majani yanayokatwa porini huwaleta hadi horini. Kupe wa masikio huambukiza ndigana kali, na dalili ya mapema ni tezi iliyovimba chini ya sikio, ikifuatiwa na homa. Chanjo inayotokana na utafiti wa Muguga, nchini Kenya, humpa ndama vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu kwa wakati mmoja, akaugua kidogo na kubaki na kinga ya miaka mingi. Minyoo mikubwa ya Toxocara huweza kumfikia kwa njia ya maziwa ya mama, hivyo dawa ya minyoo haingoji malishoni. Daktari wa mifugo ndiye hupanga dawa na siku. Pembe hukatwa zingali vichipukizi, kabla ya miezi miwili, kwa ganzi.

Kuachisha maziwa huamuliwa na kile anachokula, kalenda ni kielelezo tu. Ndama anayemaliza kilo moja ya chakula kikavu kila siku kwa siku tatu mfululizo ana rumeni inayofanya kazi, na wengi hufika hapo kati ya wiki ya 8 na ya 12, wakiwa na mara mbili ya uzito wa kuzaliwa kama walilishwa vizuri. Maziwa hupunguzwa kwa wiki moja hadi mbili: kwanza mlo wa mchana, kisha wa jioni, mwisho wa asubuhi. Kukata pembe, kuchanja na kumhamishia kwenye kundi hakufanywi wakati huo. Kwa siku mbili tatu atalia kila anaposikia ndoo ya kukamulia. Akiwa anakula kilo yake, kilio hicho hakimpunguzii uzito.